Juu ya Kuacha Sukari na Haja ya Majirani

 

Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo watu wengi wakilisikia kwa mara ya kwanza hulicheka. Mtu akisema kwamba anajitahidi kuacha tembo, au tumbaku, au bangi, jamaa zake humwombea dua na jirani zake humpa moyo. Lakini akisema kwamba anajitahidi kuacha sukari, na kwamba jitihada hiyo imemkosesha usingizi na kumtia hamaki mbele ya wanawe, huambiwa kuwa anadeka, au kwamba amekwisha kuwa Mzungu, au huulizwa kwa mzaha kama siku hizi sukari inauzwa kwa siri vichochoroni. Kicheko hicho ndicho kilichonifanya niukubali mwaliko huu, kwa maana naona kwamba sehemu kubwa ya taabu ya mtu huyo haitoki katika sukari yenyewe, bali inatoka katika upweke anaotiwa na watu wasiomtakia ila kheri.

Nianze penye hitilafu ya wataalamu, asije mtu akadhani nataka kuipita kimya. Orodha ya maradhi inayotolewa na Shirika la Afya Duniani, na ile ya madaktari wa maradhi ya akili wa Marekani, hazina maradhi yaitwayo uraibu wa sukari. Mwaka 2008 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Nicole Avena, Pedro Rada na Bartley Hoebel, walieleza habari za panya waliokuwa wakinyimwa chakula kwa saa 12 kila siku, kisha wakapewa kwa saa 12 chakula pamoja na maji ya sukari. Panya hao, baada ya muda, wakawa wanaibugia sukari pindi inapofika, na walipozuiliwa nayo wakaonyesha dalili zinazofanana na za mtu aliyekatiwa afyuni, wakitetemeka na kugonganisha meno. Mwaka uliofuata, katika Chuo Kikuu cha Yale, kikatungwa kipimo cha maswali cha kumpima binadamu mwenyewe, kujua kama ulaji wake umefikia mfano wa uraibu. Lakini mwaka 2016 wataalamu wengine, wa Cambridge, wakaupitia upya ushahidi wote, wakasema kwamba kwa binadamu ushahidi huo ni haba, na kwamba hata kwa panya mambo hayo hutokea pale tu wanaponyimwa na kupewa kwa zamu, wala hayatokei pale sukari inapokuwepo mbele yao saa zote.

Mimi si tabibu wala si kadhi wa kuwaamulia mabingwa kesi yao. Anayeamka saa nane za usiku akaenda jikoni kwa kunyata, akachota sukari kwa kijiko akaila kavu, hangojei kamati ikubaliane juu ya jina la jambo lake. Ila nawaomba mlishike hilo la mwisho, la kunyimwa na kupewa kwa zamu, kwa sababu ndani yake naiona sura ya maisha yetu. Mtu hutoka kwa daktari Jumamosi asubuhi ameapa kwamba hatatia tena sukari kinywani. Hushinda siku chache amenuna, hasemi na mtu. Alhamisi akaalikwa arusini, akawekewa mbele yake halua na vileja na soda ya baridi, wenyeji wakamsihi kwa majina ya wazazi wake, akala usiku mmoja alichokuwa akikila kwa wiki nzima. Na Ijumaa, baada ya sala, akaapa tena. Huyo yumo katika tundu la panya wa Princeton, na kilichomtia humo si ulafi kama wanavyodhani wenye kumsimanga, bali ni nadhiri iliyowekwa na mtu mmoja peke yake, bila ya shahidi wala msaidizi, katikati ya mji ambao haukupata habari yake.

Juu ya vipimo nitasema kwa ufupi, kwani mmekwisha kuvisikia hospitalini. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kutiwa, pamoja na ile iliyomo katika asali na maji ya matunda yaliyokamuliwa, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu yote mtu anayoipata katika chakula, na kwamba ikipungua mpaka nusu ya hiyo ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kiasi cha wastani, kipimo cha kwanza ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, na cha pili ni vijiko 6. Basi mwenye kunywa vikombe viwili asubuhi kwa vijiko vitatu kila kimoja amekwisha kukimaliza kipimo cha pili kabla hajatoka nyumbani. Na akinywa chupa moja ya soda ya mililita 300, ambayo ina gramu 30 na ushei, amevuka cha kwanza, ilhali chai ya alasiri haijafika na wala hajagusa kaimati hata moja.

Mwenye kuacha ghafula, aghalabu, hupatwa na kichwa, uchovu, na ukali wa maneno asioukusudia. Na hayo kwa wengi hupungua baada ya siku kadhaa au wiki mbili. Hubakia shauku, nayo haikai pahali pamoja: huja na kuondoka mfano wa bamvua, ambayo nahodha mjuzi hashindani nayo, bali hukipandisha chombo chake juu pwani akangoja maji yarudi. Waliokwisha kupita njia hiyo, kila nilipowauliza, wamenambia kwamba kustahimili saa ile ya shauku si kazi kubwa mno. Kazi kubwa ni saa kumi za alasiri, wakati mlango unapobishwa, na sinia likaja.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha mambo. Kwetu sisi watu wa pwani, chai haiulizwi. Mgeni angali anavua viatu ukumbini, na huko jikoni majani, tangawizi, hiliki, maziwa na sukari vimekwisha kutiwa pamoja katika sufuria moja. Hata kikija mkononi mwake kikombe chenye moshi, hana tena la kuchagua, kwani hukumu imekwisha kupitishwa na mtu asiyemwona, na mtu huyo, kwa kuwa amesikia kwamba mgeni ni wa heshima, ameongeza teko moja zaidi ya desturi. Chai isiyokolea ni dalili ya ubahili au ya ukata, na hakuna mwenye nyumba aliye tayari kusingiziwa kimoja katika hivyo viwili. Kwa hiyo sukari, katika majumba yetu, haikuwa chakula tu. Ilikuwa ni namna ya kumwambia mtu kwamba tumefurahi kumwona, na mwenye kuirudisha amerudisha salamu.

Tazameni, basi, yanayompata mtu mwenye afya yake akisema kwa adabu kwamba angependa chai isiyo sukari. Kwanza hapatiwi, kwa sababu haipo; itabidi binti arudi jikoni abandike upya, na mgeni aone haya kwa kuwasumbua watu. Pili huulizwa, na sauti hushushwa kwa kuulizwa huko, kama amepatwa na kisukari. Maana kwetu mgonjwa peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kukataa. Nimewajua watu wakweli, wasiozoea kusema uongo katika biashara wala katika ushahidi, waliolazimika kuzua maradhi wasiyokuwa nayo, wakisema daktari amewakataza, ili wapate kuachiwa kikombe kitupu kwa amani. Jamii inayomlazimisha mtu kujisingizia ugonjwa ili asiugue, nafikiri inapasa ijitazame.

Na daraja hiyo ya sukari si ya tangu na tangu. Huko Uingereza, mwaka 1700, sukari iliyoliwa ilikuwa kiasi cha ratili 4 kwa mtu kwa mwaka. Mwaka 1800 ikawa ratili 18. Na karne ya kumi na tisa ilipokwisha ilikuwa imefika karibu ratili 90, na kitu kilichokuwa johari ya wafalme kikawa kifungua kinywa cha vibarua wa viwandani. Katika pwani yetu wenyewe, bonde la chini la mto Pangani lilikuwa katika karne hiyohiyo na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na mmoja katika wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim Al-Harthi, yule aliyeongoza vita vya kuwapinga Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa hapo Pangani mwishoni mwa mwaka 1889. Viwanda vikubwa vilikuja baadaye, Arusha Chini na Kilombero kwa upande wa Tanganyika, Miwani na Ramisi kwa upande wa Kenya, na sukari nyeupe ikaingia hata katika nyumba ambazo babu zao waliijua ile sukari guru peke yake, na kwa siku za sikukuu. Jambo lililokuwa takrima ya mara moja kwa mwaka likawa takrima ya mara nne kwa siku, lakini heshima yake haikupungua kadiri bei yake ilivyopungua. Na humo ndimo tulimonaswa.

Lakini tarehe hiyohiyo ya sukari, yenye mijeledi na majasho ya watu, inacho kisa kimoja ambacho kwangu ni bora kuliko vitabu vyote vya tiba juu ya somo letu la leo. Mwaka 1791 Bunge la Uingereza lilikataa mswada wa William Wilberforce wa kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka huohuo William Fox akachapisha kijitabu kidogo cha bei rahisi, akiwataka watu wa nchi yake wasile tena sukari ya visiwa vya Karibi, kwa hoja kwamba mlaji na mwenye mjeledi ni washirika. Wanabunge wangeweza kukidharau, kwa kuwa hakikuwa na nguvu ya sheria. Lakini kilisomwa katika majumba, na Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi nzima kwa ajili ya harakati hiyo, alikadiria kwamba watu wapatao 300,000 waliiacha sukari hiyo. Na walioshika hatamu, kwa sehemu kubwa, walikuwa wanawake, ambao hawakuwa na kura wala kiti katika Bunge, lakini meza ya chai ilikuwa mikononi mwao. Harakati ilipofufuka katika miaka ya 1820, bibi mmoja wa mji wa Leicester, Elizabeth Heyrick, alikuwa miongoni mwa wale waliopita mlango kwa mlango kuwataka watu wasinunue. Na mabakuli ya sukari yakauzwa yenye maandishi ubavuni, kwamba sukari iliyomo ni ya India na haikufanywa na watumwa.

Sitaki mtu anifahamu vibaya: wale hawakuwa wakiacha sukari kwa ajili ya afya zao, na wengi walibadilisha tu pahali pa kuinunua. Ninalolitazama ni jinsi walivyoweza. Watu wale walikuwa na uchu wa sukari kama tulio nao sisi, katika nchi ya baridi ambapo chai tamu ilikuwa ndiyo faraja ya maskini, na wakastahimili miezi na miaka, si kwa kuwa kila mmoja alikuwa na azma ya chuma, bali kwa kuwa mgeni alipokwenda kwa jirani yake alikikuta kikombe kisicho sukari kinamngoja, na ndani ya kikombe hicho mlikuwa na heshima kuliko ndani ya kile chenye sukari. Kukataa ndiko kulikokuwa adabu. Nyumba zilikuwa zimepatana kabla mgeni hajabisha hodi.

Sasa turudi katika mwili, kwa habari moja ambayo nimeiona inawapa watu matumaini. Katika taasisi ya Monell, huko Philadelphia, wataalamu waliwachukua watu wakawapunguzia sehemu kubwa ya sukari katika chakula kwa muda wa miezi mitatu, na kila mwezi wakawaonjesha vyakula vyenye kadiri mbalimbali za utamu. Mwezi wa kwanza ulimi haukubadilika. Baadaye ukaanza kubadilika, hata ilipofika mwezi wa tatu chakula kilekile wakawa wanakiona kitamu zaidi kuliko wanavyokiona wenzao ambao hawakupunguza. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2016. Nayo ina kipande cha pili, ambacho wahubiri wa afya hawapendi kukitaja: watu wale walipoachiwa wale watakavyo, walirudia sukari yao ya zamani upesi, na katika muda wa mwezi mmoja ndimi zao zikarudi zilikokuwa.

Miezi mitatu kuupata ulimi mpya, mwezi mmoja kuupoteza. Asiyezijua hesabu hizi hufa moyo mwishoni mwa wiki ya tatu, akisema kwamba amejaribu na hakuona mabadiliko, ilhali mabadiliko yenyewe yalikuwa bado njiani. Na anayezijua hufahamu kwamba jambo hili halitaki ushujaa wa siku moja. Lataka mazingira yasiyogeuka kwa muda mrefu, na mazingira ya mtu ni watu.

Ndiyo maana wenye kupambana na ulevi wa kila aina, walipotafuta njia, waliishia kukaa pamoja. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, mfanyabiashara Bill Wilson na tabibu Bob Smith, walevi wote wawili, waligundua kwamba kila mmoja anaweza kukaa bila ya pombe akiwa anamsaidia mwenziwe kukaa bila ya pombe. Na kutokana na mazungumzo yao kikazaliwa chama ambacho leo kimeenea duniani. Mwaka 1960, huko Los Angeles, wakaanza kukutana kwa mfano huohuo watu walioshindwa na chakula, na miongoni mwao wamo wengi wanaosema wazi kwamba kilichowashinda hasa ni vitu vitamu. Wala tusidhani kwamba hayo ni ya ugenini: hapa Zanzibar, tangu mwaka 2009, zipo nyumba ambazo vijana wanaoacha heroini huishi pamoja, zinazoitwa soba, zikiongozwa na watu waliokwisha kupitia moto huohuo. Heroini na sukari si ndugu, na anayevisawazisha huwadhulumu wale walioipata taabu ya kwanza. Lakini mtu mwenye kuacha anamhitaji mtu aliyeacha, na hilo ni kweli huku na kweli kule.

Na sisi tunao ushahidi wa karibu zaidi. Mvutaji wa sigara asiyeweza kukaa saa moja bila ya kuwasha, Ramadhani huingia akakaa tangu alfajiri mpaka magharibi, na asubuhi ya pili hufanya vilevile, kwa sababu mji mzima umefunga pamoja naye, mikahawa imefungwa, na hakuna mtu wa kumwambia onja kidogo tu. Imani ndiyo asili, sibishi. Lakini imani hiyohiyo anayo mwezi wa Shaabani. Kinachoongezeka ni wenzake. Ni masikitiko, basi, kwamba jua likizama tunaigeuza neema hiyo kinyume chake, tukaanza kwa tende, ambazo ni sunna na zinatosha, kisha tukafuatisha kaimati zilizoogeshwa shira, na tambi za sukari, na maji ya matunda yaliyotiwa sukari juu ya sukari yake, hata wengine hutoka katika mwezi wa kujizuia wamenenepa. Kunyimwa na kupewa kwa zamu; mnakumbuka.

Kisha nendeni barazani. Watu walewale ambao nyumbani hurudisha kikombe cha chai kwa kuwa kina vijiko viwili badala ya vitatu, wakitoka baada ya sala ya alasiri wakaketi juu ya baraza ya mawe, na muuza kahawa akapita na dele lake juu ya makaa, akivigonganisha vikombe kwa ule mlio ambao mtoto wa mjini huujua kabla ya kuijua alifu, hupokea kahawa chungu isiyo hata chembe ya sukari, wakainywa vikombe viwili na vitatu, na hakuna anayelalamika. Mtaniambia kwamba kando yake ipo kashata, nami nakubali. Lakini wako wengi wasioigusa, na hakuna anayewauliza wana maradhi gani. Uchungu wa kahawa ile umekwisha kupewa heshima yake na wazee wetu, ukawekewa mahali pake na saa yake na watu wake. Basi si kweli kwamba ulimi wa mtu wa pwani hauwezi kitu kisicho sukari. Hauwezi kukinywa peke yake, huku ukitazamwa.

Ushahidi mwingine nimeupata katika mtaa mmoja ambao sitautaja, kwa kuwa wenyewe hawapendi. Wanawake wa hapo wana upatu wao wa kila mwezi, na desturi ilikuwa kwamba kila anayepokea huwaandalia wenziwe visheti, vileja na kreti ya soda, na kila mmoja hujitahidi ampite aliyetangulia. Mwenzao mmoja, mama mtu mzima, alikuwa amejaribu mara nyingi kuacha vitu hivyo na kila mara upatu ulimrudisha. Siku moja, badala ya kujificha nyuma ya udhuru, akasema mbele ya wote kwamba ameshindwa na anataka wamsaidie. Hawakuweka sheria, na hiyo ndiyo busara yao. Walichofanya ni kupika chai kwa mchaichai na mdalasini bila ya kutia sukari katika sufuria, na sukari wakaiweka katika bakuli lenye kifuniko mwisho wa mkeka, na kijiko kimoja. Atakaye na anyanyuke akachote. Penye visheti pakawekwa njugu, maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, na madafu. Mara ya kwanza bibi mmoja mkongwe alisema kwa sauti kubwa kwamba hiyo ni chai ya msiba, wakacheka wote, naye akanyanyuka akachota vijiko vyake viwili. Na mpaka leo huchota viwili, na hakuna anayemzuia. Lakini bakuli, ambalo mwanzoni lilirudi jikoni tupu, likawa linarudi nusu, kisha likawa linarudi karibu kama lilivyokuja.

Yule mama aliyeomba msaada alianguka wakati wa Idi, akala kwa siku tatu mfululizo, na akaona haya kwenda upatu uliofuata. Sisi tunayo fadhila ya sitara, ya kutofichua aibu ya mtu, nayo ni fadhila kubwa. Lakini mwenye kuacha jambo akisitiriwa hata asiwe na mtu wa kumweleza, sitara hiyo humfanyia kazi adui yake. Somo yake alikwenda kwake asubuhi, hakutaja sukari, akamwambia tu kwamba anamhitaji waende sokoni kwa miguu. Njiani ndipo maneno yalipotoka. Nasikia kwamba waliendelea na matembezi hayo hata baada ya haja ya sokoni kwisha.

Watu husema ustahimilivu kana kwamba ni mali iliyozikwa kifuani mwa mtu, mwenye nayo anayo na asiye nayo hana. Kwa niliyoyaona, aghalabu ni kitu cha kuazimana: leo wewe unacho, unampa mwenzio, kesho umeishiwa, naye anakurudishia. Anayemwambia mwenye kuhangaika kwamba ajitie nguvu tu, amemwambia kweli nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayohitaji jasho la msemaji mwenyewe.

Kabla sijamaliza, neno la hadhari kwa wenye kisukari waliomo humu na jamaa zao. Anayetumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari, asibadilishe ulaji wake ghafula kwa kuusikia mhadhara. Amwendee daktari wake kwanza, kwani dawa ilipimwa kwa chakula alichokuwa akila. Na mtu kama huyo akianza kutoka jasho la baridi, akatetemeka, akababaika maneno, basi sukari yake imeshuka, na hapo apewe sukari au soda tamu mara moja maadamu anaweza kumeza, kisha mahojiano yafuate. Nalisema kwa sababu wako wenye bidii ya dini mpya ambao humnyang'anya mtu kikombe wakati ule ndio wa kumnywesha.

Ninalowaomba wenye arusi, khitma na maulidi ni jambo dogo la jikoni: chai ipikwe tupu, na sukari iletwe kando. Atakayetaka hatakosa, na asiyetaka hatalazimika kuugua kwa uongo. Mtaniuliza kama watu watakubali. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua zilipozuia uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika katika Tanzania, bei ikapanda hata watu wa kipato cha chini wakaanza kuigawa kwa kijiko. Na katika majuma yale, chai hafifu ililetwa mbele ya wageni katika majumba mengi, wala sikusikia mtu akiitwa bahili, kwa sababu kila mtu alijua hali ya mwenziwe. Wauza chai kadhaa wakaacha kutia sukari katika sufuria, wakawa wanaiweka mezani na kuiangalia kwa jicho kali. Bei iliposhuka wengi walirudia desturi ya zamani. Mmoja ninayemfahamu hakurudi, na nilipomuuliza akanambia kwamba amepiga hesabu, akaona wateja wakijitilia wenyewe hutia pungufu kuliko alivyokuwa akiwatilia yeye, na tofauti yake kwa mwezi si haba. Sababu yake ni faida, na mimi sina ugomvi nayo.